Mwanamaji wa Kikombo: ofisa kijana wa utambuzi aanzie wapi?

Katikati ya mwaka 1916, mizinga ya meli ilinguruma Kondoa. Meli yenyewe, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ilikuwa imekwisha lala kwenye tope la delta ya Rufiji tangu tarehe 11 Julai 1915. Lakini Wajerumani waliichomoa mizinga yake, wakaifunga magurudumu na kuisambaza huku na huku katika koloni, na watu wa Irangi, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani, wakajikuta wanasikiliza silaha iliyoundwa kupigana baharini. Ni kisa kisichotajwa sana mkoani Dodoma, mkoa unaojulikana zaidi kwa zabibu na vikao vya Bunge.

Kwa mada ya leo, utamu wa kisa hicho hauko kwenye mizinga. Uko kwenye namna meli ilivyopatikana. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilipotea kabisa. Manowari za Uingereza zilizunguka pwani nzima zikarudi mikono mitupu. Jibu likapatikana Lindi, ndani ya meli nyingine ya Kijerumani, Präsident, kwenye makaratasi tu: hati zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Salale, huko deltani. Siku chache baadaye, tarehe 30 Oktoba, meli ya Waingereza, Chatham, ikaiona milingoti ya Königsberg juu ya mikoko. Kuiua kulichukua miezi mingine minane, kwa sababu Waingereza hawakujua kina cha mifereji ya Rufiji. Aliyewatoa gizani ni mwindaji, P. J. Pretorius, aliyeingia mikokoni kwa siri, akapima kina na kufuatilia saa za maji kujaa na kupwa, hata meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikapata njia.

Msoma makaratasi na mpima maji. Ukitoa setilaiti na kompyuta, utambuzi wa baharini haujawahi kuhitaji watu wa aina nyingine zaidi ya hao wawili. Tatizo la kila jeshi la majini ni kwamba kijana mmoja anatakiwa awe wote wawili, na jeshi lina miaka michache tu ya ujana wake ya kuamua aanze kuwa yupi.

Kwa Tanzania swali hili sasa lina anwani. Rais Magufuli alitangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli kweli, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Wizara ya Ulinzi ikahama, na mwaka 2019 jiwe la msingi la Makao Makuu ya Ulinzi likawekwa Kikombo, nje kidogo ya jiji. Bahari haikuhama. Kamandi ya Wanamaji imebaki Kigamboni, kwenye kituo kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya mwanzo ya Kamandi hiyo. Kwa hiyo nchi yenye pwani ya kilomita 1,424 na eneo la kiuchumi la bahari linalokadiriwa kuwa kilomita za mraba 223,000 inaelekea kuamua mambo yake ya majini kutoka kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ofisa kijana wa utambuzi ataitwa Dodoma mapema, kwa sababu wakubwa wanaopaswa kusoma taarifa zake watakuwa Dodoma.

Mchukulie kijana wa Bahi au Manyoni ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo, au Mtera akiwa njiani kwenda Iringa. Amemaliza chuo, pengine UDOM upande wa kompyuta. Anapita JKT, labda Makutupora, mkoani Dodoma. Akichaguliwa na JWTZ anapitia mafunzo ya awali ya kijeshi, na akionekana anafaa kuwa ofisa anapelekwa Monduli, ambako mwisho wa yote Amiri Jeshi Mkuu humtunuku kamisheni na kumfanya Luteni Usu. Wengine humalizia mafunzo ya uofisa nje ya nchi. Hadi hapo amejifunza gwaride, ramani ya nchi kavu, bunduki na kuongoza watu. Bahari anakutana nayo akiwa tayari ana nyota begani, na hilo lina aibu yake: baharia wa cheo cha koplo aliyezaliwa Pangani anajua kusoma mawingu ya kusi kuliko afande wake.

Fani ya utambuzi kwa kawaida mtu hapangiwi kwa kuiomba. Huonekana ana jicho, anaandika vizuri, hana mdomo mrefu, basi anapelekwa huko. Anachokitarajia ndicho kinachomponza. Filamu zimemwambia kwamba utambuzi ni kukutana na mtoa habari usiku kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Anachokikuta ni rejista. Ni ramani ya bahari, redio, skrini yenye alama za meli, simu ya ofisi ya bandari, na taarifa ya ukurasa mmoja inayotakiwa mezani kwa mkubwa kabla ya kikao cha asubuhi. Mwaka mzima wa kwanza unaweza kupita bila kuandika sentensi moja inayoanza na "naamini kwamba". Wanaotoka kwenye fani hii mapema, kwa ninavyoona, huchoshwa na rejista kuliko wanavyoogopa hatari.

Na rejista hiyo si ya kudharauliwa. Tangu mwisho wa 2004, meli zote za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba kifaa cha kujitambulisha, kinachotangaza jina, mahali, mwendo na namba ya tarakimu tisa. Namba inayoanza na 674 au 677 ni ya Tanzania. Luteni Usu anayejifunza kazi hukaa mbele ya alama hizo hadi azizoee: ipi huenda Mtwara kuchukua korosho msimu wa mavuno, ipi ni ya mafuta inayosubiri zamu Dar es Salaam, ipi imezima kifaa chake saa sita usiku na kukiwasha tena alfajiri ikiwa mahali pengine kabisa. Mwenye kuzoea ya kawaida ndiye anayeliona lisilo la kawaida, na kuzoea hakuna njia ya mkato.

Lakini skrini inaona meli zinazotaka kuonekana. Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Chombo cha namna hiyo hakijitangazi. Jahazi la Kilwa halimo kwenye skrini, ngalawa ya Mafia haimo, na boti ya faiba yenye injini mbili inayovuka kutoka Msumbiji usiku haimo. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mpaka wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara, miaka mitatu baada ya uasi wa Cabo Delgado kuanza Mocímboa da Praia. Nani angejua mapema kwamba boti zisizojulikana zinaonekana mdomoni mwa Ruvuma? Mvuvi wa Msimbati. Na mvuvi haongei na ofisi. Anaongea na mtu anayemfahamu, aliyekwisha kukaa naye kwenye mchanga akala naye pweza, ambaye hamuulizi kibali cha uvuvi kila akimwona.

Upande mwingine zipo meli ambazo hazitafika katika maji yetu maisha yao yote, na bado ni kazi yetu. Usajili wa meli za kimataifa chini ya bendera ya Tanzania hufanyika Zanzibar. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo, zilikuwa zinapepea bendera yetu. Serikali ikalazimika kuzifuta. Januari 2018 ikaja nyingine: Andromeda, yenye bendera ya Tanzania, ikakamatwa na Wagiriki ikiwa na malighafi za milipuko ya kwenda Libya, muda mfupi baada ya Kaluba, nayo ya bendera yetu, kukamatwa na dawa za kulevya upande wa Karibiani. Hakuna doria ya Kigamboni ambayo ingeweza kuziona. Zingeonekana kwa kufungua mafaili: nani mmiliki, wakala yuko wapi, meli imebadili jina mara ngapi. Hiyo ni kazi ya mezani, na meza hiyo inaweza kukaa Dodoma bila hasara yoyote. Vivyo hivyo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika, Dodoma ilijua haraka sawa na Dar es Salaam. Hata bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linapita Singida na Dodoma kabla ya kufika majini. Anayesema bahari ni jambo la pwani peke yake hajaangalia ramani ya karibuni.

Basi kuna hoja ya kweli kwa wanaotaka kijana aanzie mezani. Wataitaja Mombasa ya 1942. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kusikiliza na kuvunja mafumbo ya Wajapani kilihamishiwa Kilindini, katika jengo la shule ya Allidina Visram. Redio zilisikika vibaya na watu walikuwa wachache, lakini Novemba mwaka huo wakaivunja JN-40, namba za siri za meli za biashara za Japani. Wengi wa wavunja mafumbo wa zama hizo walikuwa watu wa lugha na hesabu, wala hawakuwa manahodha. Watamtaja na Ian Fleming, aliyetoka kwenye biashara ya hisa mwaka 1939 akaingizwa moja kwa moja idara ya utambuzi ya jeshi la majini la Uingereza, bila kupita kwenye meli, na akafaa sana. Na wataitaja India, ambayo mwaka 2018 ilifungua kituo chake cha taarifa za Bahari ya Hindi mjini Gurugram, kando ya New Delhi, mbali na bahari kuliko Dodoma ilivyo. Oktoba 2023 jeshi la majini la India na TASAC, wakala wetu wa meli, walitia saini makubaliano ya kupeana taarifa za meli za biashara. Mji mmoja wa bara unapokea, kwa nini Dodoma isipokee?

Hoja nzuri, ila inaruka kitu. Fleming alikuwa msaidizi wa John Godfrey, na Godfrey alikuwa ametoka kuiongoza Repulse. Aliyemsahihisha Fleming alikuwa ameshika usukani. Pale Kilindini, waliovunja namba walipeleka matokeo kwa maofisa wa meli waliojua meli ya mizigo hupita wapi na kwa nini. Kijana wa mezani hufanikiwa pale anapozungukwa na watu wa majini wanaoweza kumwambia, "Hili haliwezekani, bwana mdogo, kwa kaskazi hii jahazi halipandi kaskazini kwa siku mbili." Gurugram imezungukwa na jeshi la majini kubwa lenye maelfu ya maofisa wanaopokezana kati ya meli na meza. Sisi tuna kamandi ndogo ndani ya jeshi ambalo tangu lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, kutoka kwenye majivu ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huo, limekuwa la nchi kavu kwa fikra na kwa vita vyake, Kagera ikiwa kubwa kuliko vyote. Kikombo, ofisa kijana wa utambuzi wa majini anaweza kujikuta peke yake korido nzima. Atakayesoma taarifa yake ni mtu wa vifaru au wa miguu, mtu makini pengine, lakini asiye na namna ya kujua kama kijana amekosea.

Wamarekani, ambao idara yao ya utambuzi wa majini ni ya tangu 1882, wana mfumo unaofaa kutazamwa, kwa tahadhari ya ukubwa wao. Ofisa mpya wa utambuzi husoma kozi ya msingi Dam Neck, Virginia, kisha wengi hupelekwa kwenye vikosi vya ndege vinavyopanda meli kubwa, mahali ambapo kosa lake linamrudia siku ile ile kupitia mdomo wa rubani aliyerudi hai na mwenye hasira. Ofisi za makao makuu hufuata baadaye. Tena kuna wanaoingia fani hiyo baada ya kuhudumu melini kwanza. Hawaamini kwamba melini kuna siri nyingi za kukusanya. Wanachokitaka ni kwamba mtu azoee kuandika kwa ajili ya anayekwenda kufa kama taarifa si sahihi.

Msimamo wangu ni huu: meli kwanza, ufukwe pili, Dodoma tatu, na kila hatua isipungue misimu miwili ya kaskazi na misimu miwili ya kusi. Anayeshika zamu usiku kwenye boti ya doria hujifunza mambo yasiyoandikika vizuri, kama vile rada inavyodanganya mvua inaponyesha, mafuta yanavyoamua doria kuliko amri, na jinsi uchovu unavyomfanya mtu aone chombo kisichokuwepo. Akija kupokea taarifa ya doria akiwa ofisini, atajua mstari upi uliandikwa na mtu aliyeona na upi na mtu aliyetaka kulala.

Najua watakaoniuliza: yaani mhitimu wa UDOM anayeweza kuandika programu ya kuchuja alama elfu za meli kwa dakika moja, mkamfungishe kamba gatini Kigamboni? Ndiyo, kwa muda. Programu yake itachuja vibaya kama hajui kwa nini meli ya uvuvi huzunguka mahali pamoja usiku kucha. Ila ninakubali kipengele kimoja cha pingamizi lao: asiachwe melini hadi ujuzi wake uote kutu. Majeshi mengi, si letu tu, hupenda kumsahau mtu mahali alipofaa.

Hatua ya ufukweni ndiyo inayodharauliwa zaidi, na mimi ndiyo ningeipa uzito. Miaka miwili Mtwara, Tanga au Pemba, bila skrini ya maana, kazi ikiwa kuwafahamu watu: viongozi wa vikundi vya wavuvi vya BMU, manahodha wa majahazi, ofisa forodha, mtu wa uhamiaji, polisi wanamaji, watu wa DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya. Hapo ndipo kijana wa Manyoni anapoweza kuwa na faida juu ya wenzake wa pwani. Hana shangazi wala mjomba kijijini anayefanya magendo, na haoni haya kuuliza swali la kijinga. Hapo pia ndipo anapojifunza somo la Tawariq. Meli ile ya uvuvi haramu ilikamatwa Machi 2009 na doria iliyotumia meli ya Afrika Kusini, karibu tani 300 za samaki zikagawiwa, Watanzania wakazibatiza "samaki wa Magufuli". Kesi ikaleta vifungo 2012, na 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha kwa kasoro ya kisheria katika namna ilivyofunguliwa. Taarifa ilikuwa sahihi, meli ilikamatwa, na bado kesi ilianguka. Ofisa wa utambuzi hapeleki watu mahakamani, lakini asiyejua kazi yake inakabidhiwa kwa nani, na kwa karatasi ipi, anawafanyia kazi mawakili wa upande wa pili.

Sasa kuhusu maisha ya kazini. Kijana anataka kujua atafika wapi, na ni haki yake. Ngazi inajulikana: Luteni, Kapteni, Meja, kisha kozi ya unadhimu Duluti kwa watakaoteuliwa, na kwa wachache Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi, kilichofunguliwa 2012. Kisichosemwa ni kwamba ngazi hiyo hupandwa vizuri zaidi na aliyeongoza watu. Aliyekaa utambuzi tu atakuwa na faili jembamba upande wa uongozi, na sifa zake nyingi hazitakuwemo kwenye faili lolote la wazi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 humfunga mdomo hata nyumbani. Doria ikikamata maharamia, kama wale watuhumiwa saba wa Oktoba 2011 waliovamia karibu na shughuli za utafutaji mafuta, anayepigwa picha ni nahodha. Isipokamata, anayeulizwa ni mtu wa utambuzi.

Juu kabisa, nafasi ni finyu. Kenya ilimpata mwanamaji wa kuongoza majeshi yote, Jenerali Samson Mwathethe, kuanzia 2015 hadi 2020. Tanzania bado haijapata wake. Luteni Usu anayelala akiota nyota nne angepewa ushauri wa kubaki kwenye vikosi vya miguu. Lakini yapo matarajio mengine ya kweli: kozi za nje, nafasi za uratibu katika vituo vya taarifa vilivyoanzishwa chini ya Kanuni za Djibouti za 2009 za kupambana na uharamia, kimojawapo kikiwa Dar es Salaam, mazoezi kama AIKEYME ya Aprili 2025 yaliyofanyika hapa nchini na India, na baada ya utumishi, bandari na mamlaka za meli ambazo zinahitaji watu wa kusoma alama hizo hizo.

Dodoma yenyewe ina vishawishi vyake. Kiwanja kinapatikana, mke anapata kazi wizarani, watoto wanasoma mahali pamoja, na bosi anakuona kila siku. Ofisa anayeonwa kila siku hupanda cheo haraka kuliko anayepimwa kwa taarifa za redio kutoka Mtwara. Hapo ndipo utaratibu wowote mzuri wa kupokezana utakapofia, na hautauawa na umbali, kwani tangu Julai 2024 treni ya SGR imeufanya mwendo wa Dar es Salaam na Dodoma uwe chini ya saa nne. Tiba ninayoiona ni ya kiofisi, tena kavu: tathmini ya mwaka ya ofisa wa utambuzi wa majini aliyeko Kikombo iwe na sehemu inayojazwa Kigamboni, na nahodha aliyetumia taarifa zake baharini, aandike ni ngapi alizikuta zilivyo na ngapi zilimpotezea mafuta bure. Na asiye na sehemu hiyo kwenye faili asipewe Umeja.